Nyota ya Afrika na Vita vya Gondar

Tarehe 27 Novemba 1941 Jenerali Guglielmo Nasi wa Italia alisalimu amri mjini Gondar, kaskazini mwa Uhabeshi. Siku sita kabla ya hapo ngome ya Kulkaber ilikuwa imetekwa kwa mapigano makali, na asubuhi ya siku ya mwisho Divisheni ya 12 ya Kiafrika, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, iliushambulia mji wenyewe. Gondar ni mji wa mlimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye majumba ya mawe ya wafalme wa kale na usiku wa baridi kali. Hapo ndipo lilipokatika kabisa dai la Italia la kutawala Afrika Mashariki. Kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ulikuwa mwisho wa safari iliyoanzia Moyale na Garissa. Tarehe hiyo imo katika kanuni za nishani waliyopewa. Kwenye nishani yenyewe haimo. Jina la Gondar halimo, wala jina la mtu aliyepigana huko. Nishani hiyo ni Nyota ya Afrika, na nakusudia kuonyesha kwamba umbo lake, rangi za utepe wake na masharti ya kuipata vilitungwa kwa macho yaliyoelekea Libya na Misri, hata vita vikubwa kuliko vyote walivyopigana askari wetu katika ardhi ya Afrika Mashariki mwaka 1940 na 1941 vikabaki bila alama yao wenyewe.

Tuanze na vita hivyo. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Wakati huo Uingereza ilikuwa na askari wachache mno kwenye mpaka mrefu wa Kenya na Uhabeshi na Somalia. Julai, kikosi kidogo cha Keya kilizingirwa katika boma la Moyale, kikalazimika kuliacha na kujipenyeza usiku. Agosti, Waitalia waliivamia Somalia ya Waingereza. Batalioni ya Keya kutoka Nyasaland ilikuwa miongoni mwa walioyazuia majeshi yao kwenye vilima vya Tug Argan kabla ya wote kuondolewa kwa meli kutoka Berbera. Kisha mambo yakageuka. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, yenye askari kutoka Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Afrika Kusini, yalivuka mto Juba. Mogadishu ikaanguka tarehe 25 Februari, Harar mwishoni mwa Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Walikuwa wamekwenda kama kilomita 2,700 kwa muda usiofika siku 60. Haile Selassie aliingia katika mji wake mkuu tarehe 5 Mei. Lakini vita havikuisha hapo. Vikosi vya Kiitalia vilijichimbia katika eneo la maziwa kusini mwa Addis Ababa na katika milima ya kaskazini, na mvua kubwa za katikati ya mwaka ziligeuza barabara kuwa tope. Tarehe 19 Mei, huko Colito, batalioni ya 1/6 ya Keya, iliyoandikishwa Tanganyika, ilishambuliwa na vifaru. Sajenti Nigel Leakey wa batalioni hiyo, mlowezi kutoka Kenya, alikirukia kifaru kimoja akakiteka, akakikimbilia kingine, akauawa. Alipewa Msalaba wa Viktoria baada ya kufa. Ni mmoja kati ya maelfu waliokuwapo, na ndiye ambaye jina la Colito liliandikwa pamoja na lake katika tangazo rasmi.

Nyota ya Afrika ilianzishwa Julai 1943, pamoja na nyota ya pili iliyoitwa wakati huo Nyota ya 1939–43, ambayo vita vilipoendelea ilibadilishwa kuwa ya 1939–45. Angalieni wakati. Gondar ilikuwa imeanguka karibu miezi 20 iliyopita. Mei 1943 Wajerumani na Waitalia walikuwa wamesalimu amri Tunisia, na miezi michache kabla yake, Novemba 1942, kengele za makanisa ya Uingereza zilikuwa zimepigwa kushangilia ushindi wa El Alamein. Waingereza waliokuwa wamepigwa Ufaransa, Ugiriki, Singapore na Tobruk walikuwa wamepata ushindi wa kujivunia mbele ya Wajerumani, na ushindi huo ulitokea jangwani. Serikali ilitaka kuwapa askari kitu cha kuvaa vita vikiwa bado vinaendelea. Kwa kuwa madini na viwanda vilihitajika kwa silaha, kilichotolewa kwanza kilikuwa utepe peke yake. Nyota zenyewe zilisubiri amani. Kwa miaka kadhaa, basi, Nyota ya Afrika ilikuwa kipande cha kitambaa kilichoshonwa kifuani, na rangi za kitambaa hicho ndizo zilizobeba maana yote.

Rangi hizo zilichaguliwa kwa uangalifu, na inasadikiwa kuwa Mfalme George VI mwenyewe alihusika katika kuzipanga. Uwanja wa utepe ni rangi ya mchanga, kwa ajili ya jangwa la Sahara. Katikati unapita mstari mpana mwekundu wa jeshi la nchi kavu. Upande mmoja kuna mstari mwembamba wa buluu iliyokoza kwa wanamaji, na upande wa pili buluu nyepesi kwa jeshi la anga. Ni utepe unaosomeka kirahisi, na kwa mtu aliyepigana Tobruk au Bir Hakeim unasema kweli tupu. Kwa askari wa Kulkaber unasema habari za mahali pengine. Haki ituelekeze kukubali kwamba mchanga haukukosekana kabisa katika safari ya Keya: Chalbi ni jangwa, na nyika iliyo kati ya Garissa na mto Juba ilikuwa na kiu ya kuua. Hata hivyo askari waliovuka nyika hiyo Februari walikuwa Mei katika matope ya maziwa, na Novemba katika baridi ya Gondar. Rangi ya mchanga inashika mwanzo wa safari yao na kuuacha mwisho.

Nyota yenyewe ni ya madini ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, yenye ncha sita, urefu wake kama milimita 44 na upana 38. Katikati kuna duara lenye herufi za mfalme, GRI VI, chini ya taji, na kuzunguka duara pameandikwa kwa Kiingereza jina la nyota. Nyuma ni patupu. Nyota nane zilizotolewa kwanza na Uingereza kwa vita hivyo zina umbo hilo hilo. Ya Burma, ya Italia, ya Atlantiki na nyinginezo zinatofautiana kwa jina lililoandikwa na kwa utepe. Herufi I katika cheo cha mfalme ilimaanisha kuwa yeye ni mfalme mkuu, kwa maana ya mtawala wa India. India ilipata uhuru 1947, na Juni 1948 mfalme akaacha cheo hicho, lakini nyota zilizotolewa baada ya hapo ziliendelea kubeba herufi ile ile. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni ule upande wa nyuma usio na kitu, ambao nitaurudia.

Masharti ya kuipata yanastahili kusomwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna ramani. Ilitosha siku moja ya utumishi katika eneo la vita la Afrika Kaskazini, kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Nyota ya 1939–45, kwa kulinganisha, ilidai kwa kawaida siku 180. Eneo lilienea kutoka mfereji wa Suez hadi mlango wa bahari wa Gibraltar, pamoja na kisiwa cha Malta. Kisha kanuni zikaongeza Uhabeshi, Kenya, Sudan, Somalia zote mbili na Eritrea, kwa sharti moja: nchi zisizogusa bahari ya Mediterania zilihesabiwa kuanzia 10 Juni 1940 hadi 27 Novemba 1941 tu. Msomaji aliyeshika tarehe za vita ataona mara moja kwamba huo ni mwisho wa Gondar. Waliotunga kanuni walijua vizuri kabisa kilichotokea siku ile. Waliitumia kama mlango wa kufungia nje, wakaendelea na habari za Libya na Tunisia.

Afrika Magharibi haikuwamo. Mtu aliyelinda pwani ya Gold Coast kwa miaka mitatu hakuipata, ingawa ndugu yake aliyekuja na brigedi ya Gold Coast kuvuka mto Juba aliipata. Madagaska nayo haikuwamo. Mwaka 1942 Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kisiwani humo kupigana na majeshi ya Ufaransa ya serikali ya Vichy. Batalioni za Keya kutoka Tanganyika, Kenya na Nyasaland zilikuwamo, na brigedi hiyo ikapigana hadi mapatano ya mwanzoni mwa Novemba. Siku hizo hazikuhesabiwa kwa Nyota ya Afrika, japokuwa Malta, kisiwa cha Ulaya, kilihesabiwa. Upande wa pili, karani aliyekuwa katika ofisi ya jeshi Nairobi mwaka 1941 aliingia, kwa kuwa Kenya yote ilitajwa. Winston Churchill naye aliivaa, kwa ziara zake alipokuwa waziri mkuu. Sisemi kwamba karani au waziri mkuu hakustahili. Kila jeshi lina watu wa nyuma ambao bila wao wa mbele hawali wala hawapigi risasi. Ninachosema ni kwamba neno Afrika kwenye nyota hiyo lina mipaka iliyochorwa kwa mkono, na kalamu iliyoichora ilifuata bahari ya Mediterania.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko wote uko katika vibao. Desturi ya nishani za Kiingereza ni kwamba utepe mmoja unaweza kubeba kibao chembamba cha madini chenye jina la vita fulani, ili mwenye kuvaa ajulikane alikuwa wapi. Nyota ya Afrika ilipewa vibao vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha Jeshi la 8, kwa waliokuwa nalo kuanzia tarehe 23 Oktoba 1942, siku vita vya El Alamein vilipoanza. Cha pili kilikuwa cha Jeshi la 1, lililotua Algeria na kupigana hadi Tunisia. Cha tatu kiliandikwa Afrika Kaskazini 1942–43, kwa wanamaji, watu wa jeshi la anga na baadhi ya wengine. Utepe ulipovaliwa peke yake, vibao viliwakilishwa na tarakimu 8 au 1 ya rangi ya fedha, au kwa ua dogo. Vyote vitatu ni vya mwaka wa mwisho wa vita vya kaskazini. Hata askari wa Jeshi la 8 waliopigana jangwani mwaka 1941 na nusu ya kwanza ya 1942, wakajeruhiwa au kutekwa kabla ya Oktoba, walikosa ile tarakimu, na uchungu wao ulidumu miaka mingi. Kwa Uhabeshi hapakuwa na kibao hata kimoja.

Hapa ndipo inapoanguka hoja ya kwanza ya wanaotetea kanuni hizo. Hoja yenyewe ina uzito. Wanasema vita vile vilikuwa vya dunia nzima, vyenye mapigano mamia, na haiwezekani kila bonde lipewe alama yake. Baada ya vita vya 1914–18 vilipendekezwa vibao vingi sana kwa ajili ya medali ya fedha ya vita hivyo, na mpango wote ukaachwa kwa gharama zake. Churchill mwenyewe aliliambia bunge tarehe 22 Machi 1944 kwamba nishani hung'aa, lakini pia hutupa kivuli, na kwamba popote utakapoweka mpaka kuna watakaoachwa nje kwa uchungu. Maneno hayo ni ya busara. Hayajibu, hata hivyo, swali hili: kama chombo cha kibao kilikuwapo, na kikatumika mara tatu kwenye utepe huo huo, kwa nini hakikutumika mara ya nne kwa vita vilivyofuta dola nzima ya Italia katika upande huu wa bara? Kivuli kikianguka siku zote upande mmoja, lazima tutazame taa imewekwa wapi.

Isitoshe, askari wa Keya hawakuwa wageni wa vibao. Tangu 1902 palikuwa na Medali ya Utumishi wa Jumla ya Afrika, ya fedha, iliyotolewa kwa misafara ya kijeshi katika makoloni, nayo haikutolewa bila kibao. Medali hiyo ilifikisha vibao 45. Kulikuwa na kibao cha Nandi 1905–06, kwa msafara wa kuwatiisha Wanandi. Kulikuwa na cha Jubaland 1917–18, na cha Somaliland 1920. Misafara hiyo ilikuwa midogo kwa idadi ya askari ukilinganisha na divisheni zilizokwenda Addis Ababa, na adui wake mara nyingi walikuwa Waafrika waliokataa kodi au utawala. Medali hiyo iliendelea kuwapo hata baada ya 1945, na kibao chake cha mwisho kiliandikwa Kenya, kwa waliopigana na Mau Mau kuanzia 1952. Weka vitu hivi viwili mezani. Askari wa Keya aliyetumika dhidi ya Mau Mau katika misitu ya Aberdare alipata fedha yenye jina la vita alivyopigana. Aliyepanda Kulkaber kulipiga jeshi la dola ya Ulaya alipata nyota yenye rangi ya Sahara. Mtu anaweza kusema kuwa hizo ni desturi mbili tofauti, moja ya koloni na moja ya vita vya dunia, na hilo ni kweli. Ila matokeo yake ni kwamba dola iliandika kwa majina vita vya kuwatiisha Waafrika, na ikaviacha bila jina vita ambavyo Waafrika waliisaidia kushinda.

Kuna pingamizi la pili ambalo ni gumu zaidi, na nalikubali kwa sehemu. Nyota ya Afrika ilikuwa moja kwa wote. Jenerali na kuruta, Mzungu, Mhindi na Mwafrika, walipewa kipande kile kile cha madini kwa siku ile ile moja ya utumishi. Haikuwa hivyo katika vita vilivyotangulia. Medali ya Vita ya 1914–20 ilikuwa ya fedha kwa askari, lakini vibarua wa China na Malta waliobeba mizigo na kuchimba mahandaki walipewa ya shaba. Weusi wa kikosi cha vibarua cha Afrika Kusini, wenzao wakiwa wamezama na meli ya Mendi Februari 1917, walinyimwa kabisa na serikali yao. Kuondoa tofauti ya madini ilikuwa hatua ya kweli, na wazee wetu walizivaa nyota zao kwa fahari iliyo halali. Wengi wao waliongeza ya Burma baada ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kupita bonde la Kabaw na kufika Kalewa Desemba 1944. Lakini usawa wa kifuani haukufika mfukoni: kiinua mgongo cha kuachishwa jeshi kilipangwa kwa kufuata rangi ya mtu pamoja na cheo chake. Na palikuwa na njia nyingine ya kumpunguza mtu bila kubadili madini, nayo ni kumwacha bila jina.

Hapo narudi kwenye ule upande wa nyuma ulio mtupu. Medali ya 1914–20 ilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, na askari wa Keya waliopigana na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki katika vita hivyo, walikuwamo katika utaratibu huo. Kwa vita vya pili Uingereza iliamua kutochonga majina, kwa kuokoa gharama na kazi. Uamuzi huo uliwagusa Waingereza wenyewe kama ulivyowagusa Wakamba, Wanyamwezi na Waacholi, na mtetezi atasema hapana ubaguzi. Ila Australia na Afrika Kusini ziliona jambo hilo kuwa muhimu kiasi cha kulipia uchongaji wa nyota za watu wao. Afrika Kusini ilichonga hata herufi mbele ya namba: N kwa weusi, C kwa machotara, M kwa Wamalay, ushahidi kwamba jina nalo laweza kuandikwa kwa nia ya kutenga. Lakini jina lilikuwapo, na mjukuu anaweza kulisoma. Makoloni ya Afrika Mashariki, yaliyotoa zaidi ya watu laki mbili, hayakuwa na serikali ya watu wake ya kutoa uamuzi kama huo. Mwingereza ambaye nyota yake haina jina anazo kumbukumbu za kikosi zilizotunzwa, kaburi lenye jiwe, na kitabu cha historia ya batalioni yake. Kwa familia nyingi za huku kwetu nyota ndiyo karatasi pekee iliyobaki, na karatasi hiyo haijaandikwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Nyota ya Afrika ilikuwa nishani ya haki katika madini yake na ya upungufu katika kila kitu kingine: rangi zake zilichagua jangwa, tarehe zake ziliitumia Gondar bila kuitaja, vibao vyake viliwatenga wa kaskazini na wengine, na nyuma yake hapakuandikwa mtu. Upungufu wa rangi na kibao hatuwezi kuurekebisha leo. Wa jina tunaweza. Makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hayana sababu ya kuweka nyota hizi kwenye kabati na kuandika chini yake maneno ya jumla kuhusu Vita Kuu ya Pili. Waandike Kulkaber, Colito, Tug Argan, Gondar, na batalioni zilizokuwapo. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna nyota ya ncha sita yenye utepe wa rangi ya mchanga, muulize mkubwa aliyebaki katika ukoo ilikuwa ya nani, aliandikishwa wapi, batalioni gani, alifika wapi. Andika majibu hayo kwa kalamu, utie na tarehe, uyaweke pamoja na nyota.